Jeki ya trela unaipiga wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina trela la kulala, lile la kuvuta na gari, ekseli mbili, nalitumia kwenda Bagamoyo na watoto. Siku hizi breki zinashika upande mmoja, na tairi moja tukifika hab yake, kile kitovu cha gurudumu, ya moto haigusiki. Fundi wa mtaani kwetu anataka apige jeki katikati ya ekseli halafu apange matofali. Ni sawa?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie asubiri kwanza. Ile ekseli unaiona nene vile lakini ndani ni bomba tupu, ukiipiga jeki katikati inapinda, tena kidogo tu macho hayaoni, ila utashangaa tairi zinalika upande na kila baada ya muda uko dukani. Jeki inakaa kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, karibu na pale springi zinapofungwa. Na ile miguu ya kwenye kona siyo jeki, kazi yake trela lisitikisike mkiwa ndani.

Matofali nakuomba sana usiyaweke. Tofali halikupi taarifa. Niliwahi kuwa gereji moja tofali likapasuka paa! hab ikazama kwenye mchanga mpaka usawa wa nati, na kijana alikuwa ndo ametoka chini kufuata spana, hata dakika haijaisha. Nunua stendi za chuma, na kwa mchanga wa Kigamboni weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Trela liache limefungwa kwenye gari, handbreki juu, maji ya tangi mwaga, tairi za upande wa pili ziwekee kabari mbele na nyuma. Nati zilegeze kidogo tairi likiwa bado chini, ndo uinue, upande mmoja tu, weka stendi kwenye chesisi halafu shusha jeki taratibu mpaka uzito ukae kwenye stendi. Hapo ndo mkono uingie.

Sasa ugonjwa wenyewe. Zungusha tairi kwa mkono, likiunguruma beringi imekauka, likiwa zito breki shuu, kile kipande kinachobana kusimamisha tairi, imebana. Beringi ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, ishindilie grisi kwenye kiganja mpaka itokeze upande wa pili, sili mpya, yaani ule mpira wa kuzuia grisi isivuje, na pini mpya ya kushika nati ya hab. Ila upande usioshika breki nao ufungue, mara nyingi unakuta sili imekufa grisi imevuja ikalowanisha shuu, na shuu iliyokunywa grisi haifai tena hata uifute vipi, badilisha pande zote mbili za ekseli hiyo.

Nati za tairi kaza kwa msalaba, moja halafu ya upande wa pili, usifuate duara. Halafu kaza tena baada ya kilomita kama 15, tena ukiwa pande za Bunju, na ukifika Bagamoyo pitia zote kabla watoto hawajatandika mikeka.