Dawa za Kifafa kwa Watoto: Maswali Yenu

Mwanangu wa miaka 6 alikuwa mpole. Tangu aanze fenobabitoni hatulii, anapiga wenzake, na usiku halali. Ni utundu?

Pole sana, mama. Tafadhali msimchape. Inaniuma kila ninaposikia mtoto kaadhibiwa kwa kosa la kidonge. Dawa hii huwafanya watu wazima wasinzie, lakini watoto wengi huwa kinyume: hawakai, hukasirika upesi, usingizi huvurugika. Levetirasetamu nayo huweza kumfanya mtoto awe mkali. Andika tarehe aliyoanza dawa na tarehe ulipoona mabadiliko, umpelekee daktari. Anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa. Usiiache mwenyewe: ikikatishwa ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo bila kukoma, na likizidi dakika 5 ni la kukimbizwa hospitali.

Binti yangu yuko wiki ya tatu ya lamotrijini. Jana katoka vipele mgongoni. Nisubiri kliniki ya mwezi ujao?

Usisubiri, baba. Mpeleke leo, kabla ya dozi inayofuata, na ubebe pakiti ya dawa. Vipele vingi huwa vyepesi, ila lamotrijini, kabamazepini na fenitoini zinaweza kuleta mzio unaobambua ngozi, hasa wiki 8 za mwanzo. Mfunue midomo utazame kwa ndani. Ukiona vidonda, au ana malengelenge, macho mekundu au homa, hiyo ni dharura. Lamotrijini ikianza na dozi kubwa, au ikichanganywa na valproeti bila kupunguzwa, hatari huongezeka. Ndiyo maana hupandishwa taratibu.

Anatumia fenitoini, fizi zimevimba hadi zinapanda juu ya meno.

Ni dawa. Mswaki laini asubuhi na usiku husaidia, na daktari wa meno amwone. Akianza kuyumba akitembea, au mboni zikichezacheza, huenda dozi imezidi, apimwe damu.

Wa mwaka na nusu, yuko kwenye valproeti. Tangu juzi anatapika na amelegea.

Mama, acha kusoma, mpeleke sasa. Valproeti inaweza kuharibu ini, na walio chini ya miaka 2 ndio walio hatarini zaidi, hasa wakitumia na dawa nyingine ya kifafa. Macho yasipokuwa ya manjano usijipe moyo. Kulegea na kutapika hutangulia. Ukifika mapokezi, taja valproeti kabla hujataja kutapika, asije akachukuliwa kuwa ni tumbo tu, na uombe apimwe ini leo hii.