Nguo ya rehani katika Amosi 2:8

SWALI: Mhariri, Amosi anawakemea watu wanaojilaza kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani. Kosa lao ni nini hasa? Au manabii walikuwa wakitunga sheria mpya?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Fungua kwanza Kutoka 22:26-27: anayechukua nguo ya jirani kuwa rehani airudishe kabla jua halijatua, maana maskini hana kingine cha kujifunika usiku. Kupokea rehani kwenyewe hakukatazwi. Ubaya ni kwamba giza limeingia, mwenye nguo anatetemeka kwa baridi, na mdai wake ameitandika nguo ileile mbele za Mungu aliyeagiza irudishwe! Amosi hainukuu sheria. Anasema na watu wanaoijua. Wala si mambo ya kubuni: kigae cha karne ya 7 KK kilichopatikana Mesad Hashavyahu, nchini Israeli, kina malalamiko ya mvunaji aliyenyang'anywa vazi lake.

Yeremia 34 iko wazi zaidi. Watumwa Waebrania wanaachiwa huru wakati wa mfalme Sedekia, kisha mabwana wanawarudisha utumwani. Hapo nabii anataja kabisa agizo la kumwacha mtumwa huru mwaka wa saba, lililomo Kutoka 21:2 na Kumbukumbu la Torati 15:12.

Ila usidhani Amosi alikuwa na vitabu 5 vya Musa kama tulivyonavyo. Wataalamu wengi huona Kumbukumbu la Torati lilipata umbo lake karne ya 7 KK, baada ya Amosi, nabii wa karne ya 8 KK.