Jibu: Toyota Vitz ya cc 1000 au Toyota IST ya cc 1300 kwa mizunguko ya Kigoma mjini: Mwanga, Ujiji na bandarini?

Mkuu, mimi ningechukua IST. Mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga, mmejaa watu wanne na AC inapuliza, Vitz ya cc 1000 itakulilia. Mafuta IST itakunywea zaidi kidogo, sawa, ila si kwa tofauti ya kukunyima usingizi.

Kikubwa ni gia boksi. Vitz nyingi za kuanzia 2005 ni CVT (oto isiyo na gia za kuhesabika), na CVT inataka oili yake yenyewe. Fundi akikuwekea oili ya oto ya kawaida, imekwisha hiyo. IST za mwanzo, 2002 hadi 2007, zenye injini ya 2NZ, zina oto ya kawaida ya gia nne. Injini hiyohiyo imo kwenye Probox za mwanzo za cc 1300, kwa hiyo spea na mafundi si tabu.

Ukienda kuikagua, nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, uwashe mwenyewe. Ipitishe barabara ya vumbi usikilize shokapu na bushi. Kilomita za kwenye dashibodi usizihesabu, hurudishwa nyuma. Na kadi ya gari: jina liwe la anayekuuzia, faini za trafiki uziangalie kwa namba ya gari kabla hujatoa hata shilingi.