Maswali ya Wasomaji: Mama Anaogopa Meli, Watoto Wameshafunga Mabegi

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Texas, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 4 na 11, ambao ni raia wa Marekani. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Tanga, na tumekusudia kumchukua mwezi Desemba katika safari ya siku 7 kwa meli kubwa ya watalii inayotoka Galveston na kutia nanga Cozumel, Mexico. Watoto hawana subira, lakini mama anasema tangu ajali ya mwaka 2011 ameapa kutopanda meli. Je, hofu yake ina msingi? Na tutazame nini kabla ya kulipa?
Msomaji, Houston

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na mama, kwa sababu asiporidhika yeye, siku zote saba zitakuwa za kubembelezana. Bila shaka ajali anayoikumbuka ni ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, huku imepakia watu kupita uwezo wake. Na miaka 15 kabla ya hapo MV Bukoba ilikuwa imezama Ziwa Victoria, nayo ikiwa imejaa kupita kiasi. Hofu ya namna hiyo haichekwi, bali hujibiwa. Mwelezeni kwamba katika meli hizi hakuna anayepita mlangoni bila kadi yake kusomwa na mashine, kwa hiyo waliomo ndani wanajulikana mmoja mmoja, na kwamba mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, ulioanza mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, unataka vyombo vya kuokolea viwe na nafasi ya kuwatosha watu wote na kubaki.

Hata hivyo msimdanganye kwamba meli kubwa haipatwi. Costa Concordia iligonga mwamba pwani ya Italia mwezi Januari 2012, watu 32 wakafa, na mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Kanuni ilibadilishwa kwa sababu hiyo, na sasa zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mpelekeni mama mahali penu pa kukusanyikia, aone boti zilivyoning'inia, kisha arudi mwenyewe hadi chumbani huku akihesabu ngazi. Kwa mtu mwenye hofu, nadhani mwendo huo unafaa kuliko maelezo yangu yote.

Chumba chake kiwe katikati ya meli na katika ghorofa za chini, kwa kuwa huko mtikisiko huwa mdogo zaidi. Msivutwe na picha za baraza za juu. Lakini kisiwe mbali na lifti. Meli kama Harmony of the Seas ina urefu wa mita 362, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu, na kutoka chumbani hadi mezani ni safari kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Jambo linalowakwamisha wengi ni hati. Meli ikifika Mexico, mama atakuwa ametoka Marekani, na akirudi Galveston ataingia upya. Kwa hiyo viza yake lazima iwe bado hai na iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Itazameni kabla ya kulipa hata senti moja. Mwenye viza hai ya Marekani hahitaji viza ya Mexico, jambo ambalo ni nafuu kwenu. Ninyi wazazi, kama mna ukazi wa kudumu, chukueni kadi zenu pamoja na pasipoti. Watoto raia wanaruhusiwa kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa iwapo meli inaanzia na kuishia bandari moja ya Marekani, lakini mimi ningewakatia pasipoti: mtoto akiugua Cozumel na ikabidi arudishwe kwa ndege, cheti hakitamfikisha mbali.

Kuhusu chakula, andikieni kampuni wiki kadhaa kabla mkiuliza kama nyama halali inapatikana, na mtake jibu la maandishi. Jioni ya kwanza mwoneni msimamizi wa wahudumu, kwani mara nyingi huwa tayari kuwapangia samaki, mboga au vyakula vya Kihindi vya kesho yake. Kwenye meza za kujipakulia tahadharini na vijiko, kwa sababu mtu hutoka na kijiko kwenye nyama ya nguruwe akakitumbukiza kwenye wali.

Begi la mama likagueni mapema, kwa heshima. Pasi ya umeme, birika la umeme, udi na chetezo vyote hukatazwa kwa ajili ya moto, na vitachukuliwa mlangoni hadi mwisho wa safari.

Fedha sitaieleza sana. Bei ya tangazo haina bahashishi ya wahudumu, ambayo kwa kawaida ni kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa siku, watoto wakiwemo; kwa familia ya watu watano ni dola 560 au zaidi. Matibabu ndani ya meli ni ya kulipia na ni ghali, basi mama apate bima. Simu zote ziwekwe katika hali ya ndege tangu bandarini. Klabu ya watoto kwa kawaida imo ndani ya nauli, na huyo wa miaka 4 atapokelewa maadamu ameacha nepi.

La mwisho ni saa. Mwezi Desemba saa ya Cozumel iko mbele ya saa ya Texas kwa saa moja, na meli inaweza kubaki na saa yake yenyewe. Fuateni saa ya meli tu, kwa sababu mkitembea kivyenu mkachelewa haitawangoja. Mama mwandikieni kikaratasi kwa hesabu yetu, «saa tisa alasiri tuwe ndani», asije akaambiwa tatu akadhani ni asubuhi.

SWALI: Dada yangu anayeishi Birmingham ametualika katika safari ya meli inayoanzia Barcelona na kupitia Marseille, Genoa na Tunis. Je, viza ya Uingereza inatosha?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Haitoshi. Kwa pasipoti ya Tanzania mtahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kwa kuwa Tunis iko nje ya eneo hilo, ombeni ile ya kuingia mara nyingi. Ya mara moja itaisha mara meli itakapoondoka Ulaya, nanyi mtakuwa bado mna Barcelona ya kurudia. Dada yako naye, kama bado anatumia pasipoti ya Tanzania, ukazi wake wa Uingereza haumwondolei sharti hilo. Ulizeni pia masharti ya Tunisia yenyewe kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa kampuni humkatalia abiria bandarini hata kama hakukusudia kushuka.