Kabla Hujapaka Rangi, Tafuta Maji Yanakotoka

Nakuandikia wewe uliyeshika mwiko kwa mara ya kwanza. Nami sikusomea ujenzi. Nyumba naishughulikia jioni na siku za mapumziko. Kilichonitesa zaidi miaka yote hii si nondo wala mbao, ni maji.

Chumba cha kwanza nilichokarabati kilikuwa na ukuta uliovimba rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Nikakwangua, nikapiga msasa, nikapaka. Haikupita miezi mingi, rangi ikaanza kubanduka kwa magamba na lipu ikaota unga mweupe. Nikarudia kwa rangi ghali zaidi, nayo ikabanduka vilevile. Siku nilipozunguka nje ndipo nikaelewa: udongo wa bustani ulikuwa umelundikwa ukutani hadi ukapita ule mkanda wa kuzuia unyevu unaolazwa juu ya msingi. Mkanda ulikuwa mzima kabisa, ila maji yalikuwa yanaingilia juu yake. Nikachimba mpaka udongo ukawa sentimita 15 chini ya mkanda, nikabandua lipu yote iliyoingia chumvi, kisha nikauacha ukuta wazi. Hapo subira inahitajika kweli, maana kwa makadirio ya mafundi ukuta wa tofali hukauka sentimita 2.5 za unene kwa mwezi. Ukiwa mnene, hesabu miezi.

Jifunze kuusoma ule unga. Ni chumvi iliyoyeyushwa na maji ndani ya ukuta; maji yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Ukiuona, ujue maji yamepita hapo, na hakuna rangi itakayoyazuia. Doa likiwa juu, anza na paa na mifereji. Likiwa katikati ya ukuta, shuku bomba. Likiwa chini, tazama ardhi ya nje.

Kuna wakati maji hayatoki ukutani kabisa, ni mvuke wa humohumo chumbani. Kutofautisha ni rahisi: kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasibaki upenyo, ukiache siku moja au mbili. Matone yakikaa upande wa nyuma, unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakikaa upande wa chumbani, tatizo ni hewa. Fungua madirisha kabla hujavunja chochote.

Kwenye zege, maji yanakudanganya kwa namna nyingine. Mchanganyiko unaotiririka unamwagika kwa raha na mikono haichoki, lakini maji yaliyozidi yakishaondoka yanaacha vitundu, na zege linakuwa dhaifu. Tia maji kidogokidogo. Likishashika, mambo yanageuka: sasa ndipo linapoyataka. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kuungana na maji, kwa hiyo lifunike kwa magunia na uyaloweshe kwa siku 7 angalau. Nguvu yake hupimwa likifika siku 28; usilibebeshe mzigo mapema. Na vaa glavu na buti za mpira, kwa sababu saruji mbichi inaunguza ngozi taratibu, na maumivu yanakuja wakati imeshakuumiza.

Maji hayohayo yanaweza kukupimia. Pima maji ya mkononi inatosha kwa rafu, lakini ukitaka kuhamisha usawa kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine, chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, toa vipovu vyote vya hewa, kisha wewe na msaidizi wako kila mmoja ashike ncha yake. Maji yakitulia, weka alama pande zote mbili. Pembe ya msingi, ujue kama ni mraba, ipime kwa futi kamba: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na mshazari lazima uwe 5 kamili.

Ukuta usioujua kama unabeba mzigo usiubomoe mpaka mhandisi auone. Kwenye umeme, zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa testa ambayo umeijaribu kwanza mahali penye umeme. Mabati ya asbesto ya nyumba za zamani usiyakate wala kuyapasua. Vumbi lake linaua mapafu.

Na kabla hujafunika bomba au waya wowote kwa lipu, piga picha ukiwa umelaza futi kando yake, ionekane umbali kutoka kona na kutoka sakafuni. Mimi nimezihifadhi za kila chumba. Juzi nilitaka kutoboa ukuta wa bafu niweke rafu. Nikafungua picha, nikaona bomba liko palepale nilipotia alama, nikasogeza drili sentimita 8 kushoto.