Maswali na Majibu: Nyaraka za Mifumo ya Kompyuta

Swali: Wahandisi wetu wanasema msimbo safi, yaani maagizo ya programu yaliyoandikwa vizuri, unajieleza. Mwandishi wa nyaraka wa nini?

Jibu: Msimbo unaonyesha kompyuta itafanya nini. Kwa nini iliamuliwa hivyo, huoni humo. Roketi ya Ariane 5 ililipuka tarehe 4 Juni 1996, haijamaliza hata dakika moja angani. Programu ya kupima mwelekeo wake ilirithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia. Thamani saba zilikuwa katika hatari ya kufurika, yaani kuwa kubwa kuliko nafasi ya kuzihifadhi; nne zikawekewa kinga, tatu zikaachwa ili kompyuta isizidiwe na kazi. Mojawapo ya hizo tatu, inayotegemea kasi ya mlalo, ikazidi nafasi ya biti 16. Tume ya uchunguzi haikuikuta sababu ya uamuzi huo ndani ya msimbo. Ilikuwa imezama kwenye lundo la nyaraka. Ilitakiwa sentensi moja, pale pale penye hesabu: "Ni salama kwa mwendo wa Ariane 4 tu." Kuijua sentensi hiyo na mahali pake ndiyo kazi ya mwandishi.

Swali: Mwandishi aitwe lini?

Jibu: Mkiwa bado mnabishana! Nimelijibu hili mara nyingi. Akiletwa wiki ya mwisho, waliokataa njia nyingine wameshasahau sababu. Kila uamuzi mkubwa uwe na ukurasa wake: hali ilivyokuwa, kilichochaguliwa, kilichokataliwa, gharama yake. Ukibadilika, msiufute, andikeni mwingine unaoutaja ule wa zamani.

Swali: Mchoro mmoja wa mfumo unatosha?

Jibu: Hapana. Mchoro mmoja uonyeshe watumiaji na mifumo jirani, mwingine vilivyomo ndani. Kila mshale uwe na kitenzi, na msibandike picha ya skrini, maana haihaririki.

Swali: Tumeandika hatua zote za malipo kwa simu. Kuna kilichobaki?

Jibu: Mmeandika malipo yanapofaulu, sivyo? Karibu wote huishia hapo. Jibu la mtandao lisiporudi, mfumo unasubiri sekunde ngapi? Unajaribu tena mara ngapi, na kwa namba ile ile ya muamala? Ikitumika namba mpya, mteja anaweza kukatwa mara mbili. Andikeni pia nani anaruhusiwa kurudisha fedha, na anathibitisha wapi kwanza. Kisha mpeni hati mtu wa zamu ya usiku ambaye hakuujenga mfumo, afuate hatua bila kuuliza. Atakapokwama, rekebisheni hati hapo hapo.