Vipepeo 41 niliowapa jina la nyumbani

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja wa Sohar, hapa Oman, aliniandikia: "Shikamoo shangazi. Nilipiga picha ya kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi, nikamwandika Danaus chrysippus. Hata saa haikupita, mtu nisiyemjua akanambia nimekosea, bila salamu wala sababu. Nimefuta picha zangu zote. Hivi kweli kazi hii ni yangu?"

Marahaba mwanangu. Picha hazifutwi. Kipepeo wako nitamjibu, lakini nivumilie kwanza nikuhadithie ya kwangu, maana nilipousoma ujumbe wako niliweka kikombe cha kahawa chini na hakikuinuliwa tena mpaka kikapoa. Kidonda kama chako nami ninacho. Kina miaka sita na nikikigusa bado kinauma.

Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Maskati mwaka 1975 nikiwa na miaka tisa. Shambani kwa bibi palikuwa na mchungwa mzee karibu na kisima, na mchungwa ule ulikuwa na viwavi. Wakiwa wadogo utadhani ni kinyesi cha ndege kilichokaukia juu ya jani, weusi wenye baka jeupe. Wakikua wanageuka kijani, na ukiwagusa wanachomoza pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zenye harufu kali ya chungwa lililochacha. Bibi alikuwa akiwapukutisha kwa ufagio wa chelewa huku akiwaapiza, na mie nyuma yake nikiwaokota wawili watatu na kuwafuga kwenye kopo la maziwa. Aliyetoka kwenye kopo alikuwa mweusi, mwenye madoa ya rangi ya samli, hana mkia. Jina lake sikulijua. Nilijua tu kuwa ni wangu.

Basi nilipostaafu, mwanangu akaninunulia simu yenye kamera nzuri, na Ijumaa moja tukaenda Nakhl. Mashamba ya huko yanakunywa maji ya falaj, ile mifereji ya kale, na chini ya mitende wamepanda ndimu. Nikamwona anataga. Anapepea bila kutua sawasawa, anakunja tumbo, anagusa jani changa, anaacha yai moja la manjano dogo kama kichwa cha pini, anaruka jani la pili. Mweusi, madoa ya samli, hana mkia. Nilitokwa na machozi pale pale, na wala sioni haya kusema.

Usiku nikatafuta jina la kipepeo wa michungwa ya Zanzibar. Papilio demodocus. Nikaliandika.

Kwa miaka miwili nikaliandika kila nilipomwona. Nakhl, Rustaq, Nizwa, mpaka Sur kwa shemeji yangu mwenye mlimau uani. Rekodi 41 kwenye iNaturalist, ule mtandao ambao watu huweka picha za viumbe na wengine kuyathibitisha majina, zote demodocus. Skuli moja hapa mjini ikanialika nizungumze na watoto, nikawaonesha picha kwenye ukuta na kuwaambia, "Kipepeo huyu amevuka bahari kama walivyovuka bibi zenu." Walimu wakapiga makofi. Mmoja alilia.

Halafu usiku mmoja simu ikaanza kulia. Ting. Ting. Ting. Taarifa 41 mfululizo, na kila moja imeandikwa Papilio demoleus. Kwenye ya mwisho tu ndiyo palikuwa na maneno: angalia doa la mwisho la bawa la nyuma.

Sikulala. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nikasema huyu nani, ameshakanyaga Nakhl huyu? Amekula ndimu za Nakhl? Wiki tatu sikufungua hata ukurasa wangu. Mwanangu akawa ananichungulia mlangoni kama mtu ana mgonjwa ndani.

Wiki ya nne nikachukua miwani nikarudi Nakhl. Alfajiri, kabla jua halijapanda, vipepeo bado wamelala kwenye vijiti na mabawa wameyatandaza, unaweza kuwasogelea mpaka pua ikaribie kugusa. Nikaliangalia hilo doa, lile lililo pembeni chini ya bawa la nyuma, karibu na tumbo. Kipepeo wa Afrika ana jicho kamili hapo, jeusi lenye mwezi wa buluu na wekundu, la pili la namna hiyo liko ukingo wa juu wa bawa hilohilo. Huyu wa Nakhl alikuwa na baka jekundu la umbo la yai, na kikope cha buluu juu yake. Jicho hakuna. Ni demoleus, kipepeo wa upande wa Asia, anayepatikana kuanzia huku rasi ya Uarabuni hadi Bara Hindi na mbele zaidi. Bahari ya bibi zetu hakuivuka.

Yule mtu alikuwa na haki, na mpaka leo sijampenda. Nilirekebisha zote 41, moja moja kwa mkono. Mwalimu wa skuli ile nilimwandikia nimuombe nirudi niwaambie watoto ukweli, hakunijibu. Wale watoto sasa ni watu wazima, na yumkini yuko mmoja mahali anasimulia hadithi yangu ya bahari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia mpaka unichoke: bawa la nyuma. Lipige picha kwa juu, lipige kwa chini. Watu wanahangaika na bawa la mbele kwa sababu ndilo zuri, na majibu mengi yamefichwa nyuma.

Wa pili, usimpige picha kipepeo peke yake. Upige na mti. Jangwani mimea ni michache na kila kiwavi ana wake, hivyo mti ni nusu ya jina. Kwenye mswaki, huohuo wa kusugulia meno, tazamia Colotis phisadia, mwenye waridi lililofifia kwenye mabawa ya mbele. Kwenye mkunazi, ambao hapa wanauita sidr, kuna vile vidogo vya buluu vya jenasi ya Tarucus. Kwenye ushar, kile kichaka cha majani mapana ya kijivu kinachotoa utomvu mweupe, Danaus chrysippus hakosekani. Mie siku hizi nikifika bondeni nauliza mti kwanza.

Hao Tarucus wana somo lao. Wadogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na wanakaa chini, kwa hiyo ule msemo wa mtaka cha mvunguni sharti ainame mie nimeutekeleza kwa tumbo, juu ya kokoto, watu na familia zao wanakula mishkaki wananitazama. Hata ukimpata kwa picha safi, baadhi ya spishi zake hazitofautishiki mpaka mtaalamu achunguze viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Andika Tarucus, ishia hapo. Hapo ndipo vijana mnaponikera. Mnataka jina kamili, mnataka rekodi ipande daraja la utafiti, mnashawishiana kukubaliana ili ipande. Daraja hilo linataka picha, tarehe, mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wawe wamekubaliana kuhusu spishi. Halisemi kwamba waliokubaliana wanajua. Rafiki zangu wawili waliniunga mkono kwenye demodocus zangu, kwa mapenzi tu, na rekodi zikapanda vizuri kabisa zikiwa na uongo.

Miaka iliyofuata naipita. Jua, kokoto, gari kukwama mara mbili, magoti.

Oktoba iliyopita nilikwenda Salalah, mji wa Dhofar, kusini mwa Oman. Kama hujafika Dhofar, nenda baada ya khareef, ile mvua ya manyunyu na ukungu inayoanza Juni hadi Septemba. Milima inakuwa kijani, na barabarani wanauza madafu, ndizi na mapapai, mpaka mtu wa Unguja anasahau yuko nchi gani. Vipepeo wa huko wengi wana ukoo na wa Afrika, na sasa naweza kulisema hilo bila moyo kunidanganya. Nilimtaka Charaxes hansali, ambaye Kenya na Ethiopia pia yuko. Charaxes hashughuliki sana na maua, anapenda vilivyooza. Nikanunua ndizi mbivu, nikaziponda na sukari ndani ya mfuko, nikauacha siku tatu kwenye buti la gari (mume wangu hajanisamehe), nikapaka ule uji kwenye shina la mti. Siku ya kwanza walikuja nyigu. Ya pili, nyigu na mbuzi. Ya tatu, saa nne asubuhi, akaja. Mzito, anaruka kama kitu kilichorushwa, akatua kichwa chini na kuanza kufyonza. Nilimpiga picha 60, na za bawa la nyuma ni 38. Sikuandika jina mpaka nilipofika hotelini na kulinganisha doa kwa doa. Watatu wamenikubalia, na mmoja wao ni yule yule wa usiku wa ting ting.

Haya, mwanangu, tuje kwako. Ncha nyeusi isikudanganye. Danaus wengine hawana ncha nyeusi kabisa na bado ni Danaus. Kiwavi wa Danaus anakula ushar na sumu yake inabaki mwilini, ndege akimla anajuta. Sasa kuna Hypolimnas misippus, ambaye jike lake halina sumu yoyote lakini limevaa nguo ya jirani, rangi ile ile, ncha zile zile, na ndege wanalipita. Dume ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, ukiwaona pamoja utakataa kuwa ni mke na mume.

Mahesabu yapo kwenye bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi katikati ya bawa hilo, matatu kwa jike, manne kwa dume. Misippus jike ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Picha yako naamini iko kwenye kapu la vilivyofutwa, simu nyingi huweka siku 30. Itoe, ikuze, hesabu, kisha nitumie kabla ya Ijumaa. Miwani ninayo.